Hema la Karanga lilianguka, la Barafu likasimama

Mahema mawili ya kulia chakula, yameshonwa na fundi mmoja kutoka jora moja la turubai, yamesimamishwa usiku mmoja wa vuli kwenye mlima mmoja, Kilimanjaro. La kwanza lilikuwa kambi ya Barafu, kiasi cha mita 4,670 juu ya usawa wa bahari. La pili lilikuwa Karanga, mita 4,000 hivi, kundi lake likiwa nyuma kwa siku moja. Kambi zote mbili zilipata theluji. Kulipokucha, la Barafu lilikuwa limesimama kama lilivyoachwa. La Karanga lilikuwa chini, bomba lake la mgongo limekunjika kama kiwiko, na wagumu, yaani wapagazi, wanane waliokuwa wamelala ndani walikuwa wamejibanza kwenye hema la jiko, wamelowa chapachapa, ingawa hakuna aliyeumia.

Mwenye mahema hukodisha vifaa vya mlimani hapa Moshi. Hoja yake ilikuwa fupi, na ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini: kadiri unavyopanda ndivyo theluji inavyozidi, na hema la juu limebeba nyingi likabaki. Sasa la chini, lililobeba kidogo, limeangushwa na nini kama si kazi mbovu? Kwa hiyo fundi alipe. Fundi akasema hatoi hata shilingi mia. Walikuwa wameshafika mahali pa kupelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, ndipo mtu akawaambia kuna bwana mmoja alisomea ujenzi, mwiteni huyo kwanza. Nadhani waliniita pia kwa sababu sidai ada kwa watu ninaofahamiana nao.

Nilifika kwa fundi, Majengo, saa nne asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo juu ya jora, viti vimekwenda harusini."

Niliomba nione mabaki kabla ya maelezo. Hema lilikuwa limetandazwa uani. Mishono yote ya paa ilikuwa mizima. Niliivuta kwa mikono miwili, uzi haukuachia hata mmoja. Bomba la mgongo, la aluminiamu, lilikuwa vipande viwili vinavyoungana katikati kwa pini. Lilikuwa limekunjika pale pale kwenye tundu la pini, na upande wa chini ulikuwa umechanika kama sentimita mbili. Nikapitisha kidole. Mpasuko ulikuwa unang'aa kote, hauna sehemu iliyofubaa ambayo ingeonyesha ufa wa siku nyingi. Bomba hilo lilielemewa usiku ule ule.

Turubai ndilo lililonishangaza. Upande mmoja wa paa, kati ya mgongo na ukingo, kitambaa kilikuwa kimelegea na kufanya tumbo pana kama sinia la pilau. Kulizunguka tumbo hilo palikuwa na mistari mitatu ya vumbi la kijivu, lile vumbi laini la mlimani, mmoja ndani ya mwingine, kama inayobaki kwenye beseni maji machafu yakikauka. Theluji kavu haiachi mistari ya namna hiyo.

"Hapa palikuwa na dimbwi," fundi akasema.

"Dimbwi kwenye theluji, mzee?" mwenye mali akauliza.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko hoja yake. Lakini kabla ya kulijibu ilibidi tumalizane na ile hoja, kwa sababu kijana wake, anayesoma uhandisi mwaka wa tatu, alikuwa amekuja na karatasi.

Karatasi ile ilitoka kwenye kanuni za Ulaya za mizigo ya theluji, zile zinazoitwa EN 1991-1-3. Ndani yake kuna kanuni ya hesabu kwa ajili ya milima ya Alps: unachukua namba ya kanda, kuanzia 1 hadi 4, unaizidisha kwa 0.642, unaongeza 0.009, kisha unazidisha jibu kwa moja jumlisha mraba wa kile unachopata ukigawa mwinuko (kwa mita) kwa 728. Jibu ni kilonyutoni kwa mita ya mraba ya ardhi, na kilonyutoni moja ni kama kilo 102. Ukichukua kanda ya 2, kwenye mita 500 unapata kama kilo 190 kwa mita ya mraba. Kwenye mita 1,000 zinafika 380. Kwenye 1,500 zinakaribia 700. Mwinuko umepanda mara tatu, mzigo umepanda zaidi ya mara tatu na nusu. Huko Alps hoja ya mwenye mahema ni sahihi kabisa.

Kijana akaweka 4,000 kwa Karanga akapata tani 4 kwa mita moja ya mraba. Kwa Barafu akapata tani 5 na nusu. Paa la hema ni mita 3 kwa 5.

"Mita 15 za mraba," nikamwambia. "Kwa hiyo hema la baba yako Barafu lilibeba tani themanini na ushee. Hizo ni tipa ngapi za mchanga?"

Akacheka mwenyewe. Sikumlaumu. Kosa lake lilikuwa kutosoma mwanzo wa kitabu, panaposema kwamba kanuni hizo zinaishia mita 1,500, labda nchi husika iwe na maelezo yake. Wamarekani walikuwa waangalifu zaidi kwenye jambo hili: kwa miaka mingi ramani yao ya mizigo ya theluji iliacha maeneo mengi ya milimani bila namba, yakiwa yameandikwa herufi mbili tu, CS, yaani hapa usitegemee ramani, chambua kisa chako mwenyewe. Bonde na kilele vinaweza kutengana kwa kilomita chache tu na mzigo ukatofautiana mara kadhaa.

Kwa nini mzigo hupanda na mwinuko kule Ulaya? Kwanza, hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya mvua hushuka ikiwa theluji. Pili, hewa yenye unyevu ikisukumwa na mlima kupanda hupoa na kumwaga maji zaidi. Tatu, na nadhani hili ndilo kubwa kuliko yote, kule kuna majira ya baridi. Theluji ya Desemba haiyeyuki, ya Januari inaikalia, ya Februari inazikalia zote mbili, na kadiri kituo kilivyo juu ndivyo miezi ya kulimbikiza inavyokuwa mingi. Namba ya kilo 700 si theluji ya usiku mmoja. Ni limbikizo la msimu mzima, tena kwa mwaka mbaya ambao hutarajiwa mara moja katika miaka 50.

Sasa urudi Kilimanjaro, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Ile sababu ya tatu haipo. Hatuna majira ya baridi. Tuna jua kali kila mchana na baridi kali kila usiku. Chini ya mita 5,000 theluji ya usiku kwa kawaida hudumu siku moja au chache, na pale Karanga mara nyingi saa nne asubuhi imeshageuka tope. Hakuna cha kulimbikizwa.

Ile ya pili ipo lakini imepinduka. Mvua haiongezeki hadi kileleni. Moshi mjini tunapata kama milimita 900 kwa mwaka. Ukipanda kuelekea msituni inaongezeka sana, na kwenye ukanda wa msitu wa kusini, karibu mita 2,200, inapita milimita 2,000. Baada ya hapo inapungua. Kwenye njia ya Marangu, Horombo, mita 3,720, hupata kama 1,300. Kibo Hut, mita 4,700 na kitu, kama 500. Kileleni ni pungufu zaidi, jangwa lenye barafu juu yake. Wagumu wanajua hili kwa mabega. Kambi ya Barafu haina maji, na kila tone la chai inayonywewa pale limebebwa kutoka bonde la Karanga. Mahali penye jina la Barafu ndipo penye ukame.

Inabaki sababu ya kwanza, baridi. Hiyo inafanya kazi huku kama kule. Moshi kwenye mita 900 wastani wa joto ni nyuzi 23 hivi. Toa nyuzi 20 kwa kupanda mita 3,100, Karanga inabaki kwenye 3. Barafu inaangukia nyuzi moja na nusu hivi chini ya sifuri. Kileleni wastani ni kama 7 chini ya sifuri. Kwa maneno mengine, usiku wa mvua ya vuli, Karanga huwa imekaa juu ya kizingiti chenyewe: nusu inanyesha, nusu inaganda. Barafu imeshavuka kizingiti.

Mwaka 1848 Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, na mabingwa wa jiografia London wakamkejeli, kwani theluji itatoka wapi karibu na ikweta. Wale walitazama ikweta wakasahau mwinuko. Huku Majengo tulikuwa tunatazama mwinuko tukasahau maji.

Basi theluji ya usiku ule ilikuwa na uzito gani? Hakuna aliyeipima, lakini wapishi wawili waliipima bila kujua.

Mpishi wa Barafu, kwa kuwa maji hayatoshi kamwe pale, alfajiri alijaza sufuria la lita 10 kwa theluji akaliweka jikoni. Alilalamika hadi kwangu kwenye simu: "Kaka, sufuria zima, nikapata chupa moja ya lita." Pia alikuwa amepiga picha ya chupa yake ya chai iliyosahaulika nje, imezama mpaka shingoni. Nikamwomba mke wake aniletee chupa hiyo, nikaipima kwa futi kamba: sentimita 24.

Mpishi wa Karanga naye alijaza ndoo ya lita 10 kwa theluji waliyoikwangua juu ya hema lililoanguka, ili aoshe vyombo bila kwenda mtoni. Huyu hakulalamika kuhusu maji. Alilalamika kuhusu mpini. "Ndoo ilikuwa nzito utadhani ina uji. Ilipoyeyuka ilipita theluthi, ikakaribia nusu." Nikamtaka akadirie kwa kikombe chake cha kupimia unga, tukakubaliana lita 3 na nusu. Picha yake ilikuwa ya mwiko wa ugali uliochomekwa wima ardhini. Mwiko ule niliupima mwenyewe: theluji ilikuwa sentimita 12.

Hesabu ni ya darasa la saba. Theluji ya Barafu: lita 10 zina kilo 1, kwa hiyo mita moja ya ujazo ina kilo 100. Kina cha sentimita 24 kinatoa kilo 24 kwa mita ya mraba. Theluji ya Karanga: lita 10 zina kilo 3 na nusu, mita ya ujazo ina kilo 350. Kina cha sentimita 12 kinatoa kilo 42. Nusu ya kina, karibu mara mbili ya uzito.

Ushahidi wa sufuria si wa maabara, lakini hauko mbali na vitabu: kanuni zile zile za Ulaya huichukulia theluji mpya kuwa na kilonyutoni 1 kwa mita ya ujazo, na theluji iliyolowa kuwa na 4. Kwa wastani wa kilo, ni 100 na 400 na kitu. Wapishi wangu wamekaa ndani ya mipaka hiyo.

Juu ya paa, kanuni zinasema ukiwa na mteremko usiozidi nyuzi 30 chukua nane ya kumi ya mzigo wa ardhini. Zaidi ya hapo punguza taratibu hadi sifuri kwenye nyuzi 60. Paa letu lilikuwa na nyuzi kama 25. Karanga basi ni karibu kilo 34 kwa kila mita, mara 15, zaidi kidogo ya nusu tani. Niliwaambia wafikirie mifuko kumi ya simenti imepangwa juu ya turubai. Barafu hesabu hiyo hiyo inatoa kilo 288, haifiki mifuko sita.

Tena hiyo ni kama mzigo ungetulia sawasawa. Haukutulia. Karanga ilinyesha mvua tangu saa kumi na moja jioni, ikageuka chenga za maji na theluji kwenye saa tatu usiku. Turubai lilikuwa limelowa na kulegea, na theluji ya maji haitelezi juu ya kitambaa kilicholowa. Inashika kama ugali usioiva kwenye sufuria. Ndani, wanaume wanane wanapumua. Joto lao likayeyusha theluji kutoka chini, maji yakatafuta pa kwenda, yakakuta tumbo dogo. Tumbo likijaa kidogo linashuka, likishuka linapokea zaidi. Ile mistari mitatu ya vumbi ndiyo historia ya dimbwi likikua na kupungua. Ndoo nzima ya lita 20, pengine zaidi, ilikuwa imening'inia upande mmoja wa bomba lenye tundu katikati.

Hapo mwenye mali akanyamaza kidogo, halafu akauliza jambo ambalo nilikuwa nalisubiri: hata kama ni kilo 288, mbona la juu halikupinda hata kidogo?

Kwa sababu halikubeba hizo 288 hata dakika moja. Barafu ndiyo kambi ya kuondokea kileleni. Saa tano usiku watu waliamshwa. Wagumu waliokuwa wamelala kwenye hema la chakula walitolewa, meza zikapangwa, chai na biskuti zikaingia, na kijana mmoja akazunguka akipiga paa kwa mkono kutoka ndani ili wageni wasidondokewe na baridi wakipita mlangoni. Theluji kavu kama unga wa dona iliporomoka yote. Saa sita kundi likaondoka kuelekea Stella Point. Iliyoanguka baadaye ilikutana na upepo, na mpishi anasema asubuhi juu ya paa palikuwa na kiasi cha vidole vinne tu, wakati nyuma ya mawe ilikuwa imejaa hadi gotini. Upepo ulikuwa umeihamisha.

Karanga hakuna anayeamka saa tano. Wageni wanapumzishwa, wagumu wamechoka, wote wamelala hadi alfajiri. Mmoja tu ndiye aliyesikia bomba likilia kwenye saa kumi, akawaamsha wenzake wakatoka. Kama asingelisikia, ningekuwa naandika kisa kingine.

Kwa hiyo sikuweza kumwambia mwenye mali kwamba fundi ni mwongo, wala sikumwambia fundi kwamba hana doa. Ushonaji haukuwa na kosa. Tundu la pini katikati ya mgongo lilikuwa kosa, maana pale ndipo bomba linapopinda zaidi likibebeshwa, na ndipo alipolitoboa. Alijitetea kwamba aliagizwa vipande viwili sawasawa. Ni kweli aliagizwa. Lakini bosi aliagiza urahisi wa kubeba, hakuagiza mahali pa kutoboa. Vipande vitatu vingebebeka vizuri zaidi kwa mgumu ambaye mzigo wake unapimwa kwa kilo 20, na viungio vingekaa mbali na katikati. Mzee akakubali hilo kwa kutikisa kichwa tu.

Tulimaliza hivi. Bosi ananunua mabomba mapya, fundi anafanya kazi bila malipo. Mgongo uwe vipande vitatu, nguzo moja iongezwe katikati, paa lipandishwe hadi nyuzi 40, na kamba za pembeni zipate vikazio ili turubai livutwe tena baada ya kulowa. Nikaongeza la tano ambalo si la uhandisi: jioni ikinyesha mvua kwenye kambi yoyote kati ya mita 3,800 na 4,200, mtu mmoja apewe zamu ya kuamka kila saa mbili na kulipiga paa kutoka ndani. Fagio linatosha.

Blanketi za wale wanane hazikuwa kwenye mjadala wa mtu yeyote. Ilibidi niulize mimi. Bosi aliona aibu, akatoa.

Kulikuwa na ubishi mmoja wa mwisho. Hema lililorekebishwa lilipokuwa tayari, bosi alitaka liende Barafu, kwa kuwa ndilo imara na kule ndiko juu. Waongozaji wake nao walitaka hivyo. Fundi akanitazama. Nikakunjua ile karatasi ya wapishi, 24 na 42, nikamwekea mezani.

Wiki iliyofuata jipya lilipakiwa kwenye mizigo ya Karanga. La zamani, lenye bomba la vipande viwili, ndilo linalopanda Barafu.